Aliye Kwenye Simu Amehudhuria

Lifti ya jengo la ghorofa nane ikiharibika, swali la kwanza ni nani atalipa. Hakuna mwenye fleti anayeweza kulijibu peke yake, kwa sababu lifti si mali ya mtu mmoja. Paa, ngazi, tenki la maji, jenereta, ukuta wa nje na geti ni vivyo hivyo. Ni mali ya wote, na hatima yake huamuliwa mahali pamoja tu: mkutano wa wamiliki. Anayeukosa mkutano hapunguziwi wajibu. Ada ya huduma ikipandishwa, bili itamfikia kama itakavyowafikia waliokuwepo.

Wafikirie wamiliki watatu wa jengo hilo. Mmoja yuko Minneapolis, ambako anafanya kazi, na amekuwa akiilipia fleti yake kwa miaka. Wa pili ni muuguzi aliye zamu Jumamosi hiyo. Wa tatu ni mzee wa ghorofa ya saba ambaye hawezi kushuka hadi ukumbini, kwa sababu lifti inayojadiliwa ndiyo hiyo iliyosimama. Wote watatu wana simu. Kwa kawaida wote watatu hujibiwa kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo.

Msimamo wa makala haya ni tofauti. Mmiliki aliyepiga simu, akatambuliwa na akasikika, ahesabiwe kuwa amehudhuria, kwa haki zote za aliyeketi ukumbini: akidi imhesabu, mwenyekiti ampe nafasi ya kusema, na kura yake iandikwe. Na simu inayozungumzwa hapa ni ya sauti kwanza, ile ambayo hata kitochi kinaiweza. Mkutano wa video pekee huwaingiza wenye simu janja na bando la kutosha, ukawaacha nje wengine.

Uzito wa mkutano wenyewe

Kumiliki sehemu ya jengo kunazidi kuenea Afrika Mashariki, na sheria zimefuata. Tanzania Bara ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008. Zanzibar ilifuata mwaka 2010 kwa sheria yake ya kondominiamu. Kenya ilifuta sheria yake ya mwaka 1987 na kuleta mpya iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020. Wazo la msingi ni moja kote: kila mtu ana hati ya fleti yake, na wote kwa pamoja wana chombo kinachosimamia yale wanayoshiriki. Chombo hicho hukata bima, hukarabati jengo, hukusanya michango na kuwadai wasiolipa.

Kwa maneno mengine, chama cha wamiliki ni serikali ndogo inayotoza kodi. Tofauti yake na chama cha kufa na kuzikana ni kwamba mtu hawezi kujitoa bila kuuza nyumba yake. Mamlaka ya namna hiyo hupata uhalali pale tu anayetozwa anapopata nafasi ya kusema kabla ya kutozwa.

Maamuzi ya chama hicho yana uzito kuliko rangi ya ukuta na saa za kufunga geti. Tarehe 24 Juni 2021, sehemu kubwa ya jengo la fleti la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, iliporomoka usiku na kuua watu 98. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika ripoti kwa wamiliki akieleza kasoro kubwa kwenye zege na kwenye mfumo wa kuzuia maji. Baada ya hapo kulikuwa na mabishano marefu juu ya gharama, na mchango maalumu wa takriban dola milioni 15 uliidhinishwa Aprili 2021, miezi miwili tu kabla ya maafa. Simu peke yake isingeliokoa jengo lile. Lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba mkutano wa wamiliki unaweza kubeba roho za watu, na kwamba kuwaita wamiliki wote mezani mapema, wasikie ripoti ya mhandisi kwa masikio yao, ni jambo la usalama.

Kwa nini viti hubaki vitupu

Sababu ya kwanza ni umbali. Fedha zilizotumwa Kenya na wananchi walioko nje zilizidi dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na nyumba ni moja ya ndoto kubwa za wanaozituma. Miongoni mwa wanunuzi wa fleti za Kilimani, Nyali, Mbezi na Fumba wamo pia walioko Muscat, Dubai, London na Dallas. Hao ni wamiliki halali ambao huenda wakalikanyaga jengo lao mara moja kwa mwaka, au wasilikanyage kabisa kwa miaka kadhaa.

Sababu ya pili ni saa. Mikutano mingi hupangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Wakati huo, majira ya kiangazi ya Marekani, ni saa nane usiku Minneapolis. Mkutano huohuo ukisogezwa hadi saa kumi alasiri, Minneapolis inakuwa saa mbili asubuhi, London saa nane mchana, na Muscat saa kumi na moja jioni. Kubadili saa hakugharimu senti, na kunaweza kuleta watu wengi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Sababu ya tatu hutajwa kidogo ingawa inawagusa watu wengi zaidi, nayo ni ya walio karibu. Mama mwenye mtoto mchanga, dereva wa masafa marefu, mlinzi wa zamu ya usiku, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mjane anayeogopa kurudi nyumbani gizani baada ya kikao kilichoanza jioni. Mjadala wa kuhudhuria kwa simu ukifanywa kuwa wa diaspora peke yake, watu hawa husahaulika, na waliopo nchini huanza kuuona kama upendeleo kwa matajiri wa nje.

Viti vitupu vina gharama. Akidi isipotimia, mkutano huahirishwa, na kazi husubiri huku paa likivuja. Mara nyingi hatua inayofuata ni kuwaachia wachache waamue. Kanuni za Afrika Kusini, kwa mfano, zinaelekeza mkutano uliokosa akidi urudiwe baada ya wiki moja, na akidi ikikosekana tena waliofika ndio wanaohesabiwa kuwa akidi. California nayo iliruhusu, kuanzia 2024, uchaguzi wa viongozi ulioahirishwa kwa kukosa akidi uendelee kwa asilimia 20 ya wanachama. Taratibu hizo husaidia chama kisikwame, lakini zinatibu dalili. Zinashusha idadi inayohitajika badala ya kuongeza wanaoweza kufika. Simu inafanya hilo la pili.

Sheria mbili zinazoitaja simu

Afrika Kusini haikungoja janga la Uviko-19. Kanuni za usimamizi wa majengo ya umiliki wa sehemu, zilizoanza kutumika Oktoba 2016, zinaruhusu wamiliki wahudhurie mkutano mkuu kwa simu au kwa njia nyingine yoyote, kwa masharti matatu. Njia hiyo iweze kutumiwa na wote wenye haki ya kuhudhuria. Iwawezeshe washiriki wote kuwasiliana wao kwa wao. Na imwezeshe mwenyekiti kumtambua kila mshiriki kwa uhakika wa kutosha. Kisha yanafuata maneno yenye nguvu kuliko yote: aliyehudhuria kwa njia hiyo anahesabiwa kuwapo yeye mwenyewe.

California ilifika hapo polepole. Kwa muda mrefu sheria yake ya vyama vya wenye nyumba iliruhusu kikao cha mbali ilimradi pawepo mahali palipotangazwa ambapo mwanachama angeweza kwenda, na awepo pale mtu wa bodi au mwakilishi wake. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, kikao kinaweza kufanyika chote bila ukumbi, lakini kwa masharti. Tangazo lieleze wazi namna ya kujiunga. Litaje namba ya simu na baruapepe ya mtu wa kuwasaidia wanaokwama, kabla na wakati wa kikao. Kila mwanachama awe na uwezo uleule wa kushiriki ambao angekuwa nao ana kwa ana. Kura za wajumbe wa bodi zipigwe kwa kuitwa majina. Na kila mwenye haki ya kushiriki apewe chaguo la kujiunga kwa simu.

Sharti hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Jimbo lenye Silicon Valley, pamoja na utajiri wake wote wa kompyuta, liliona si haki kumwambia mwenye nyumba anunue kifaa au ajifunze programu ndipo asikilizwe. Liliweka simu kuwa mlango ambao haufungwi. Vilevile lilitenga jambo moja lisiingie katika mikutano isiyo na ukumbi, yaani kikao cha kufungua na kuhesabu kura za siri. Hapo macho ya wanachama yanahitajika mezani.

Tulipo sisi

Kenya tayari ina uzoefu. Aprili 2020, wakati mikusanyiko imezuiwa, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliziruhusu kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa kufanya mikutano mikuu kwa njia ya kielektroniki. Mwaka 2021 Bunge likarekebisha Sheria ya Makampuni ili mikutano ya mbali na ile ya mseto itambulike moja kwa moja. Katika mikutano hiyo, wanahisa walijisajili na kupiga kura hata kwa USSD, kwa kubonyeza nyota, tarakimu na reli kwenye simu yoyote. Wakulima na wastaafu wa vijijini wenye hisa chache walipata kura bila kupanda basi kwenda Nairobi. Anayesema watu wetu hawawezi kuhudhuria mkutano kwa simu amekwisha kujibiwa na wanahisa hao.

Hapa kuna tofauti ambayo wamiliki wanapaswa kuijua. Majengo mengi ya Kenya yaliyouzwa kabla ya sheria mpya yanaendeshwa na kampuni ya usimamizi, na kila mwenye fleti ana hisa ndani yake. Chombo cha namna hiyo kinafaidika moja kwa moja na marekebisho ya 2021. Shirika la wamiliki linalozaliwa kwa kusajiliwa chini ya sheria ya 2020 si kampuni ya kawaida, hivyo lisitegemee Sheria ya Makampuni kulifungulia njia. Mahali salama pa kuandika ruhusa ya simu ni kanuni za ndani za shirika lenyewe. Ushauri ni huohuo kwa vyama vya wamiliki wa Tanzania Bara na Zanzibar: ruhusa iandikwe kwenye kanuni, ipitishwe na mkutano halali, kabla haujatokea mgogoro. Uamuzi wa mamilioni uliopigiwa kura kwa simu pasipo kanuni inayoruhusu ni zawadi kwa wakili wa atakayeshindwa.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni utambulisho. Mwenyekiti atajuaje kwamba sauti ile ni ya mmiliki, na si ya mpangaji wake au shemeji yake? Wasiwasi huu ni wa haki na una dawa rahisi. Chama kiwe na rejesta ya namba za simu za wamiliki. Anayetaka kushiriki ajiandikishe siku mbili kabla, apewe namba ya siri, na apigiwe au apige kwa namba iliyosajiliwa. Benki na kampuni za simu zinahamisha fedha za watu kwa njia isiyotofautiana sana na hiyo. Tena daftari la mahudhurio linalosainiwa mlangoni halina ulinzi mkubwa kuliko huo, kwani ni mara chache mtu kuombwa kitambulisho pale.

Hoja ya pili ni vurugu. Watu hukatiza, mtandao hukatika, wengine husema maneno ambayo wasingethubutu kuyasema ana kwa ana. Haya hutokea. Lakini ukumbi nao una vurugu zake, na zote hutibiwa na uenyekiti imara: sauti zizimwe hadi mtu apewe nafasi, kila msemaji apewe dakika zilezile, na walio kwenye simu waitwe kwa zamu na walio ukumbini badala ya kungojeshwa hadi kwenye mengineyo.

Hoja ya tatu ni usiri. Akaunti za wadaiwa, kesi na malalamiko ya jirani dhidi ya jirani havifai kusikika na mtu aliyekaa kwenye daladala na spika imewashwa. Ni kweli. Mambo ya mtu binafsi yabaki kwenye kikao cha kamati. Kama mkutano unarekodiwa, watu waambiwe mwanzoni, na rekodi itunzwe na katibu kwa muda uliokubaliwa. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinahusu hata sauti ya jirani.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, na husemwa kwa sauti ya chini. Wanaoishi kwenye jengo na walionunua ili wapangishe hawana maslahi sawa. Mkazi anataka maji, hata kwa gharama. Mpangishaji aliye mbali anataka ada ibaki chini ili faida yake isipungue. Tukiwafungulia walio mbali mlango wa simu, je, hawataizima sauti ya wakazi?

Jibu ni kwamba aliye mbali tayari ana kura, na huitumia kwa hati ya uwakilishi. Hukabidhi karatasi kwa wakala au kwa mwenyekiti mwenyewe, na mtu mmoja huingia ukumbini na kura za watu kadhaa mfukoni. Hatari hiyo inajulikana; ndiyo maana Afrika Kusini inakataza mtu mmoja kuwawakilisha zaidi ya wamiliki wawili. Kura ya karatasi imeamuliwa kabla ya mjadala. Aliyeitoa hakumsikia mama wa ghorofa ya nne akieleza jinsi anavyobeba madumu, wala fundi akionyesha kutu ya nguzo. Aliye kwenye simu atayasikia yote hayo kabla ya kusema ndiyo au hapana. Watu hudhani simu inampa aliye mbali mdomo, na ni kweli, lakini faida kubwa kwa jengo ni kwamba inampa masikio. Mkazi anayeogopa kura za wasiokuwepo anapaswa kuwa wa kwanza kudai wawe kwenye laini.

Hoja ya mwisho ni ujirani. Mkutano ni mahali ambapo watu wanaopishana kwenye ngazi bila kujuana hupeana majina, hunywa chai, na hasira iliyoanzia kwenye maegesho hupoa. Simu haiwezi kufanya hivyo. Ndiyo sababu ukumbi usifutwe. Njia bora ni mseto: wanaoweza kufika wafike, wasioweza wapige. Chama kinachohamia kwenye simu kabisa ili kamati isikabiliane na nyuso za watu kimekosea sawasawa na kile kinachowafungia nje walio mbali.

Namna ya kuifanya ifanye kazi

Kosa la kawaida ni kuweka simu moja mezani, spika ikiwa wazi, na kudai kwamba walio mbali wamehudhuria. Anayesikiliza hupata sauti ya mwenyekiti na mlio wa feni tu. Kuunganisha simu za kawaida pia kuna mpaka, kwani kwa kawaida haziungani zaidi ya watu watano. Simu ya kundi ya WhatsApp hupokea watu 32, ambao hawatoshi jengo la fleti 60. Zoom ya bure hukata kundi baada ya dakika 40, kabla hata taarifa ya mweka hazina haijaisha. Kwa jengo kubwa, huduma ya kulipia inayompa mwanachama namba ya kupiga kwa sauti ni gharama ndogo ikigawanywa kwa fleti zote. Maikrofoni moja inayozungushwa ukumbini huhakikisha kila asemaye anasikika pande zote mbili.

Karatasi zitangulie. Aliye kwenye simu haoni ubao wala picha za nyufa, kwa hiyo ajenda, hesabu na ripoti za mafundi zimfikie wiki moja kabla. Maandishi hayo humsaidia pia mwenye usikivu hafifu. Kura za wazi zipigwe kwa kuitwa namba za fleti, jibu moja moja, katibu akiandika. Kura za siri za kuchagua viongozi ziandaliwe kwa njia nyingine na zihesabiwe mbele ya watu. Laini ya mtu mmoja ikikatika, mkutano uendelee na yeye arudi. Laini ya chama ikikatika, kura zote zisimame hadi irudi.

Msingi wa haya yote unatosha kwenye kifungu kimoja cha kanuni, ambacho chama chochote kinaweza kukibadili kulingana na hali yake: “Mmiliki anaweza kuhudhuria mkutano wowote wa wamiliki kwa simu ya sauti au kwa njia nyingine inayowawezesha washiriki wote kusikilizana, ilimradi ametambuliwa na katibu. Mmiliki huyo atahesabiwa kuwapo kwa ajili ya akidi, atakuwa na haki ya kusema na kupiga kura, na jina lake litaandikwa kwenye kumbukumbu. Tangazo la mkutano litataja namba ya kupiga na namba ya msaada.”

Kama una fleti au nyumba kwenye mtaa wenye chama, tafuta kanuni zenu wiki hii uzisome. Zikiwa kimya juu ya simu, mwandikie katibu kabla ajenda ya mkutano mkuu haijafungwa, umwombe aingize kifungu hicho, na uwashawishi majirani wawili wakuunge mkono. Kama wewe ni kiongozi wa chama, usingoje kulazimishwa na mahakama au na janga. Anayelipa ada ana haki ya kusikia hoja na kusikilizwa, popote alipo.